Je, ekklesia maana yake ni "walioitwa watoke"?

Swali: "Mwalimu, salaam. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa kijijini. Kwenye semina ya neno la Mungu, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba kanisa kwa Kigiriki ni ekklesia: ek ni 'kutoka', kaleo ni 'kuita', kwa hiyo kanisa ni 'watu walioitwa watoke'. Akamalizia kwamba aliyeokoka hana sababu ya kukaa kwenye vikao vya ukoo wala mkutano wa kijiji, kwa kuwa ameitwa atoke humo. Vijana wetu wameanza kususia. Je, neno hilo lina maana hiyo kweli? Halafu wapo wanaosema tuache neno 'kanisa' kwa kuwa ni la Kiarabu, tuseme 'eklesia' kama Mitume. Hilo nalo likoje?"

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Vipande viwili alivyovitaja mhubiri vimo kweli ndani ya neno hilo. Maana aliyoitoa humo ndiyo haimo. Kwa Mgiriki wa kawaida, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, ekklesia ilikuwa mkutano, na hasa ule mkutano wa wananchi wa mji waliokaa pamoja kuamua mambo ya mji wao. Ukiniuliza nini katika maisha yetu kinaukaribia, nitakujibu ni huo huo mkutano mkuu wa kijiji ambao vijana wako wameambiwa wauache.

Mji tunaoufahamu zaidi kwa habari hii ni Athene. Wananchi walikutana kwenye kilima cha Pnyx, magharibi ya Akropoli, ile ngome ya mji, wakakaa wazi chini ya jua. Walioruhusiwa ni wanaume raia waliofikia umri. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na nafasi. Ndiyo maana Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, aliweza kuwavunja watu mbavu kwa mchezo wa kuigiza ambamo wanawake wanavaa ndevu za bandia na kujipenyeza mkutanoni. Katika karne ya 4 KK kulikuwa na mikutano ya kawaida 40 kwa mwaka, na kwa baadhi ya maamuzi ilitakiwa idadi isiyopungua watu 6,000. Baraza la watu 500, waliloliita boule, ndilo lililotayarisha ajenda, na kura nyingi zilipigwa kwa kuinua mikono.

Kuwapata watu hao kulikuwa na kazi yake. Aristophanes huyo huyo anataja kamba iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo ilitumika kuwaswaga waliokuwa wanazubaa sokoni. Aliyechelewa alionekana kwa doa kwenye nguo. Baadaye wakaona heri kulipa. Oboli moja kwanza, sarafu ndogo, kisha mbili, kisha tatu, na kufikia siku za mwanafalsafa Aristotle ni drakma nzima, yaani oboli sita, na zaidi ya hapo kwa mkutano mkuu. Posho ya kikao, basi, hatukuivumbua sisi.

Kuna tukio moja linalonisaidia kulielewa neno hili kuliko kamusi yoyote. Mwaka 339 KK, jioni, alifika mjumbe Athene na habari kwamba Mfalme Philip wa Makedonia ameuteka mji wa Elatea, na njia ya kuja kwao iko wazi. Demosthenes, msemaji maarufu wa Athene aliyekuwapo, anasimulia kwamba viongozi wa zamu waliacha chakula mezani. Usiku mji ulijaa vurugu. Kulipokucha baraza liliingia ukumbini, nao wananchi wakapanda Pnyx moja kwa moja, wakawa wameshakaa kabla baraza halijamaliza shauri. Habari ikatangazwa, mjumbe akasimamishwa aeleze, kisha mpiga mbiu akauliza kama desturi: nani anataka kusema? Hakuna aliyesimama. Akauliza tena na tena, na majemadari wote wapo, na wasemaji wote wapo. Hatimaye akapanda Demosthenes mwenyewe. Hiyo ndiyo ekklesia: watu wa mji mmoja wamekaa mahali pamoja, jambo lao liko mbele yao, na kila mmoja ana haki ya kusimama. Hawakuitwa watoke katika mji. Walikusanyika kwa sababu mji ni wao.

Mhubiri anaweza kujibu kwamba mpiga mbiu aliwaita watoke majumbani, kwa hiyo "kuitwa watoke" kumo. Huenda hapo ndipo neno lilipozaliwa, mimi sina ugomvi na hilo. Ila lilipofika kwenye midomo ya watu, mwito ulikuwa umeshasahaulika ndani yake. Ushahidi ni wa Wagiriki wenyewe. Walipotaka kusema kwamba mkutano fulani umeitishwa kwa dharura, nje ya ratiba, waliongeza neno jingine: ekklesia synkletos, mkutano ulioitishwa. Kama masikio yao yangekuwa bado yanasikia "kuita" ndani ya ekklesia, wasingehitaji kuliongeza.

Lugha zote ziko hivyo. Sisi tunasema mwanasheria, na hakuna anayeuliza sheria ilimzaa lini. Neno hupata maana kwa namna watu wanavyolitumia, na vipande lilivyoundwa navyo hubaki kama historia yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Agano la Kale James Barr aliwakosoa vikali wanatheolojia waliokuwa wakijenga mafundisho juu ya mizizi ya maneno, na ekklesia ilikuwa mojawapo ya mifano yake. Zaidi ya miaka 60 imepita na mahubiri yale yale yanaendelea, kwa sababu yanapendeza: msikilizaji anapewa vipande viwili vya Kigiriki, anavijumlisha mwenyewe, anahisi amefunuliwa siri.

Na kuna kichekesho. Kitenzi chenyewe chenye vipande hivyo, ekkaleo, hakipatikani hata mara moja katika Agano Jipya la Kigiriki. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale kipo, na mojawapo ya mahali kilipo ni Mwanzo 19:5, pale watu wa Sodoma wanapoizingira nyumba ya Lutu na kumwita kutoka nje. Sidhani kama kuna mhubiri atakayependa kuanzia hapo.

Nimeitaja tafsiri hiyo, na sasa tuitazame vizuri, kwa kuwa Mitume hawakulitoa neno lao Pnyx. Kuanzia karne ya 3 KK, Wayahudi wa Aleksandria walianza kuyageuza Maandiko yao kuwa Kigiriki, kazi tunayoiita Septuaginta. Kiebrania kina neno qahal, kusanyiko. Katika vitabu vinne vya kwanza wafasiri walilitolea karibu kila mara synagoge, ambalo nalo maana yake ni kukusanyika. Kuanzia Kumbukumbu la Torati ndipo ekklesia inapoingia. Siku Israeli waliposimama mbele ya mlima Horebu inaitwa "siku ya kusanyiko" katika Kumbukumbu 9:10 na 18:16, na kwa Kigiriki ni siku ya ekklesia. Sura ya 23 inapoeleza nani asiingie katika mkutano wa Bwana, ni ekklesia ya Bwana.

Hapo neno limepata uzito mpya, lakini angalia uzito huo umetoka wapi. Umetoka kwa Bwana aliyewakusanya, umeandikwa waziwazi pembeni ya neno. Neno lenyewe limebaki mkutano tu, mwema au mwovu. Zaburi ya 26:5 inasema, "Nimelichukia kusanyiko la watu wabaya," na katika Septuaginta kusanyiko hilo la wabaya ni ekklesia. Sasa mwulize mhubiri: hao nao wameitwa watoke wapi?

Tukifika Agano Jipya, neno hili limo mara 114. Katika Injili nne utalikuta kwa Mathayo peke yake, sura ya 16 na ya 18. Wingi wake uko katika nyaraka zenye jina la Paulo, mara 62, halafu Matendo na Ufunuo. Lakini ningependa mfungue Matendo 19, pamoja na hao vijana. Demetrio mfua fedha wa Efeso anaona biashara ya vihekalu vya Artemi inadorora kwa mahubiri ya Paulo. Anachochea mafundi wenzake, mji unawaka, watu wanakimbilia ukumbi wa michezo na kupiga kelele kwa muda wa saa mbili. Luka anasema wengi hawakujua hata wamekusanyika kwa nini. Kusanyiko hilo la fujo, katika mstari wa 32, analiita ekklesia. Kisha karani wa mji anasimama, anawatuliza, anawaambia kama wana shauri jingine litatatuliwa katika mkutano wa halali: ekklesia tena, mstari wa 39. Halafu anauvunja mkutano: ekklesia kwa mara ya tatu. Hao ni waabudu Artemi, wakipinga Injili. Wafasiri wetu wa Kiswahili, kwa busara, hawakuandika "kanisa" hapo. Ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba ni neno lile lile.

Katika kitabu hicho hicho Stefano analitumia kwa Israeli walioko jangwani (7:38), na Luka analitumia kwa waamini wa Yerusalemu. Neno moja, mikutano mitatu tofauti. Kinachoitofautisha ni mkutano wa nani.

Paulo alilijua hilo. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike, ambayo wataalamu wengi wanaihesabu kuwa ya zamani kuliko zote alizoandika, ya mwaka 50 BK hivi, inaanza kwa kusalimu ekklesia ya Wathesalonike "katika Mungu Baba, na katika Bwana Yesu Kristo." Mtu wa Thesalonike akisikia "ekklesia ya Wathesalonike" na sentensi ikaishia hapo, atadhani ni mkutano wa raia wa mji. Hayo maneno yanayofuata ndiyo yanayoibeba tofauti yote. Kwa Wakorintho anasema "ya Mungu". Nakiri kwamba hapa naingia kwenye maoni yangu, lakini naona Paulo alilipenda neno hili kwa sababu ya milango yake miwili: Myahudi alisikia Horebu, Mgiriki akasikia baraza la mji, na wote wakaelewa kwamba watu hawa wachache waliokusanyika sebuleni kwa Priska na Akila wanajiona ni taifa lenye shauri la kuamua. Neno sinagogi, lile synagoge, lilikuwa tayari lina wenyewe, yaani Wayahudi, ingawa Yakobo 2:2 bado inaliita hivyo kusanyiko la waamini.

Kuna badiliko moja kubwa ambalo ni la Wakristo hasa. Pnyx ikitawanyika, ekklesia imekwisha. Wanaorudi nyumbani ni wananchi tu. Paulo naye wakati mwingine analitumia hivyo, kama katika 1 Wakorintho 11:18, mnapokutana katika ekklesia, yaani mnapokaa kikao. Lakini Matendo 8:3 inasema Sauli aliliharibu kanisa akiingia kila nyumba. Kikao hakipo, watu wako majumbani mwao, na bado wanaitwa ekklesia. Waefeso na Wakolosai wanakwenda mbele zaidi: ekklesia ni mwili, Kristo ni kichwa, na hakuna tena mji mmoja wa kuitaja. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko fumbo la ek na kaleo, na sijui kwa nini halihubiriwi zaidi.

Sasa nimtendee haki mhubiri wenu. Kwamba Mkristo ameitwa, hilo ni fundisho la Maandiko bila shaka yoyote. Kigiriki kina neno lake kwa walioitwa, kletoi, nalo limo katika Warumi 1:6 na 7. Na kama anataka mstari wa kuitwa kutoka mahali, anao mzuri sana, 1 Petro 2:9: "aliyewaita mtoke gizani mkaingie katika nuru yake ya ajabu." Humo kaleo yumo na ek yumo, wazi, pamoja na mahali pa kutoka na pa kuingia. Cha ajabu barua hiyo ya Petro, katika Kigiriki kinachokubaliwa na wahakiki wa leo, haina neno ekklesia hata mara moja. Fundisho lipo, ila mlango alioingilia siyo.

Hitimisho lake kuhusu ukoo na kijiji ndilo gumu zaidi kulitetea, maana Paulo alikwisha kuulizwa karibu swali hilo. Katika 1 Wakorintho 5:9-10 anasema aliandika wasichangamane na wazinzi, halafu anafafanua kwamba hakuwa na maana ya wazinzi wa dunia hii, kwa maana hapo ingewalazimu kutoka katika dunia. Anaona "kutoka" kwa namna hiyo ni jambo lisilowezekana, na anawaelekeza wamshughulikie ndugu aliye ndani. Katika sura ya 10, mstari wa 27, anasema asiyeamini akikualika chakula nawe ukataka kwenda, nenda ule. Hilo "akikualika", mzee wangu, kwa Kigiriki ni kaleo. Wapo wanaotaja 2 Wakorintho 6:17, "tokeni kati yao", na wana haki ya kuutaja. Lakini mstari huo unazungumzia ibada ya sanamu, na neno ekklesia halimo humo. Kama kikao cha ukoo kinachinja kwa ajili ya mizimu, kijana ana jambo la kupima na dhamiri yake na wachungaji wake. Kama kikao kinajadili ada ya mtoto yatima au mpaka wa shamba, hilo ni jambo jingine kabisa.

Nikiwa bado hapo: ile kura ya kuinua mikono Athene iliitwa cheirotonia. Matendo 14:23, Paulo na Barnaba wanapowachagulia wanafunzi wazee katika kila kanisa, kitenzi ni hicho hicho. Kwa njia ya mhubiri wenu, wewe mwenyewe usingekuwa mzee wa kanisa mpaka mikono ihesabiwe. Kuna waliowahi kujenga hoja juu ya neno hilo. Wengine wakawajibu kwamba kufikia karne ya 1 neno lilishamaanisha kuteua tu, na kwa Wagiriki wa leo cheirotonia ni kumpa mtu daraja la upadri.

Jengo liliingia baadaye. Karibu mwaka 200 BK, Clement wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo, aliandika kwamba ekklesia anayoisema si mahali bali ni mkusanyiko wa wateule. Mtu hakanushi hivyo kama hakuna wanaosema hivyo. Inaelekea neno lilikwisha kuanza kuhamia kwenye kuta. Mgiriki wa leo ukimwambia ekklisia anafikiria jengo lenye msalaba, au taasisi yenye maaskofu. Bunge lake analiita vouli, kutokana na lile baraza la watu 500. Lile jina la mkutano wote wa wananchi limebaki kwa mapadri.

Walatini hawakulitafsiri neno, walilichukua lilivyo, ecclesia, na kutokana nalo Wafaransa, Wahispania, Wareno na Waitaliano wakapata maneno yao. Waingereza na Wajerumani walipita njia nyingine, ya neno la Kigiriki kyriakon, "cha Bwana". Ndiyo sababu William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza miaka ya 1520, akaandika neno la "kusanyiko" badala ya lile lililozoeleka la kanisa, Thomas More, mtetezi wa Kanisa Katoliki, alimshambulia: aliona mamlaka yote ya maaskofu inavunjwa kwa neno moja. Miaka 80 hivi baadaye, wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James walipewa amri iliyoandikwa, kwamba maneno ya zamani ya kanisa yabaki, na neno hilo la kanisa likatajwa kwa jina.

Sasa swali lako la pili. Neno kanisa tumelipata kwa Waarabu, kanisa, ambao nao walilipata katika Kiaramu, kenishta. Maana yake ni kusanyiko. Mzizi ni k-n-s, kukusanya, ule ule ulioko katika Kiebrania: sinagogi ni beit kneset, nyumba ya kukusanyikia, na bunge la Israeli lenye wajumbe 120 linaitwa Knesset. Kiaramu ni lugha ya nyumbani ya Yesu mwenyewe. Kwa hiyo anayelikataa neno kanisa ili awe karibu zaidi na Mitume, anakimbia lugha yao ya mama ili akumbatie ile waliyoandikia barua. Nikuonye tu kwamba katika Kiarabu, kanasa ni kufagia na miknasa ni ufagio. Akitokea mhubiri wa kusema kanisa ni "mahali palipofagiwa dhambi", mwache apite.

Wanaotaka "eklesia" hawatakuwa wa kwanza Afrika Mashariki, na jirani zetu wanatuonyesha inavyokuwa. Nchini Uganda Wakatoliki wanasema eklezia na Waanglikana wanasema ekkanisa. Rwanda, Kiliziya ni ya Wakatoliki, na Waprotestanti wana itorero. Burundi ni Ekeleziya kwa Wakatoliki na ishengero kwa Waprotestanti. Neno la Kigiriki liliingia huko kwa njia ya Kilatini cha mapadri, wale White Fathers, wamisionari Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879 na Rwanda mwaka 1900. Mtu akilitamka leo, majirani wanachojua kwanza ni kwamba yeye ni wa dhehebu gani.